Nafasi ya Kidole Kimoja

Fundi hakuwahi kunisalimia kwa kiganja. Miaka yote niliyouza chai sokoni Katesh, kibanda changu kimeegemeana na chake, nilikuwa nikisema "Shikamoo, Fundi," naye akiitikia "Marahaba" ameshanikamata kifundo cha mkono, kidole gumba upande huu na cha kati upande ule, anabana kidogo, halafu anaachia. Aliwasalimia watu wote hivyo. Wageni walishtuka, wakadhani wamekamatwa na mgambo. Sisi tuliomzoea tulijua anapima tu. Alikuwa anafua bangili za shaba, na mtu kwake alianzia kwenye kifundo cha mkono. Uso aliutazama baadaye, akipata muda.

Mkono aliotukamatia ni wa kulia, ule ule wa nyundo. Na ndio huo uliotaka kumfia mwilini mimi nikiutazama kwa macho yangu mawili. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nakasirika upya, na mwenye hasira za haraka asiulizwe sababu, alizaliwa nazo. Sisi watu wa Mbulu, kule juu milimani, tunasemwa kuwa wapole. Labda wenzangu.

Bangili zake zilitokana na makufuli mabovu, koki za mabomba yaliyokufa na vitasa vya milango ambavyo sikuwahi kuuliza vimetoka wapi. Aliviyeyusha kwa moto wa mkaa na mivukuto ya kupulizia, ya ngozi ya mbuzi, aliyoishona mwenyewe. Siku ya mnada akina mama wa kule tambarare, wafugaji, walikuja wamejipanga, mikono yao imejaa shaba hadi karibu na kiwiko, na kila mmoja anataka ya kuongeza. Hapo ndipo ulipomjua Fundi ni mtu wa namna gani. Akimvisha mtu bangili, aliingiza kidole chake cha mwisho kati ya shaba na ngozi. Kikipita, haya, nenda. Kisipopita, aliivua na kuirudisha motoni, hata kama mwenyewe analia anataka kuondoka nayo.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuwa karibu kuolewa. Alitaka za kubana, zisigongane akikamua ng'ombe.

"Zinapiga kelele, ng'ombe anashtuka," akasema.

"Ng'ombe atazoea," Fundi akamjibu.

"Lakini mimi ndiye nitakayevaa!"

"Na mimi ndiye nitakayeletewa mkono umevimba. Mkono unavimba, binti yangu. Ukibeba maji unavimba, ukilala vibaya unavimba, ukibeba mimba ndiyo kabisa. Shaba haijui hayo yote. Acha nafasi ya kidole kimoja."

Binti aliondoka amenuna, bangili zinagongana. Baada ya mwaka hivi alirudi na mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa ya Fundi.

Yeye mwenyewe hakuvaa hata moja. Nilipomtania kwamba labda bidhaa zake haziamini, alisema atashikaje nyundo na makelele mkononi. Lakini makelele mengine hakuyajali. Redio yake ilikoroma kutwa nzima, naye alibishana na msomaji wa habari kana kwamba wamekaa benchi moja. Watu aliwajibu maneno mawili, redio aliihutubia. Chai yangu alikunywa bila sukari, kisha akalalamika haina ladha. Ukimwekea sukari anasema unamharibia meno. Meno gani, jamani? Alikuwa na manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa yanafikiria kuondoka.

Hakuogopa mtu. Mwenyekiti wa soko alikuja kumwamuru ahamishe tanuri, akaondoka amepimwa mkono na ameagiza bangili ya mke wake. Mtu mmoja tu ndiye aliyemweza, naye ni dada yake mkubwa, bibi mrefu, mkavu, aliyekuwa anaishi Mogitu na ng'ombe wake. Bibi huyo akitokea mnadani, Fundi alizima redio kabla hajafika. Alisimama. Alijibu "ndiyo" mpaka kwenye mambo ambayo jibu lake ni hapana. Dada ndiye aliyemlea, Fundi aliniambia siku moja, alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado ni mtoto. Akaishia hapo, akageukia moto wake.

Kuhusu hospitali alikuwa na vinywa viwili. Mama akipita na mtoto mwenye homa, Fundi alimfokea, "Unatafuta nini sokoni? Panda gari uende Haydom!" Ila yeye mwenyewe alikuwa akisema hospitali ni ya watu wenye muda wa kukaa kwenye benchi. Kwa hiyo asubuhi ile alipoweka nyundo chini katikati ya kazi, nilijua si jambo dogo.

"Mama Chai," akaniita, taratibu. "Kuna mtu amenikalia kifuani."

Tulimpeleka Haydom, na kutoka huko akapelekwa mjini kwenye hospitali kubwa inayotibu mioyo. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini ana furaha ya mtu aliyeona mambo. Aliwaonyesha wateja wangu wote kitone chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. "Hawakunipasua," akasema. "Wameingilia mlango huu. Wamepitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, ukapanda na mkono mpaka moyoni, wakazibua palipoziba, wakatoka." Na aliyoambiwa aliyasema mbele yangu: asinyanyue kizito kwa mkono huo kwa siku kadhaa, wala asifunge kitu cha kubana hapo. Nilisikia kwa masikio yangu. Sote tulisikia.

Wiki ile ile familia ilichinja kondoo kule Mogitu kushukuru, na mimi nilialikwa. Kwao kuna desturi. Mtu anayebarikiwa huvishwa kipande cha ngozi mbichi ya mnyama aliyechinjwa siku hiyo. Mara nyingi huvishwa kidoleni, wakati mwingine mkononi. Hakikatwi. Kinakauka pale pale mwilini, na siku kikianguka chenyewe, baraka imemaliza kazi. Ni jambo zuri na nimeliona mara nyingi bila mtu kudhurika.

Lakini siku hiyo dada mtu alikata ukanda mrefu, akauliza, "Walikuingilia wapi?"

Fundi akaonyesha.

"Basi hapo ndipo pa kufunga," bibi akasema. "Mlango ulioingiwa na watu usiachwe wazi." Akauzungusha ukanda mara mbili juu ya kile kitone, akaukaza, huku anamwombea kwa lugha yao, sauti imejaa mapenzi mpaka nami nikajikuta nafuta macho.

Ngozi ilikuwa bado mbichi, laini. Nilimwona Fundi akinyanyua kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, anataka kukipitisha, kama alivyowafanyia wanawake wote wa wilaya hii ya Hanang. Dada yake akamtazama. Fundi akakishusha kidole, akauweka mkono gotini.

Na alijua! Hilo ndilo linaloniunguza. Mtu aliyeshona mivukuto ya ngozi maisha yake yote hajui kwamba ngozi mbichi ikikauka inasinyaa? Alijua kuliko mtu yeyote pale uwanjani.

Siku chache baadaye alipita kibandani. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Akanikamata mkono kama kawaida, lakini sikubanwa. Vidole vilinigusa tu, vya baridi. Nikampa chai, akaipokea kwa mkono huo, kikombe kikaanguka. Nikautazama mkono. Ukanda ulikuwa umekauka, umekuwa mgumu kama mbao, umezama kwenye nyama. Vidole vilikuwa na rangi ya majivu.

"Fundi, kata hicho kitu."

"Hakikatwi."

"Kidole kinapita?"

Akatazama kikombe kilichoanguka.

"Nakuuliza wewe, kidole kinapita?" Nikajaribu mwenyewe kuingiza kidole changu. Haikuingia hata kucha.

"Vidole vina ganzi tu," akasema. "Vinauma kidogo nikikunja. Kipande kitaanguka."

"Kitaanguka na vidole vyako! Na nyundo itashikwa na nani, na mimi?"

Nilichukua kisu cha kukatia mkate. Akaurudisha mkono kifuani, akaufunika na ule mwingine. "Ukikata wewe, Mama Chai, umekata maneno ya dada yangu. Mkono ni wangu. Niache." Macho yake yalikuwa na hofu, na mimi sikuwahi kumwona Fundi na hofu hata siku aliyokaliwa kifuani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Nikafunika sufuria, nikasimamisha bodaboda, nikaenda Mogitu.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumtosha yule bibi. Nilipomkuta amesimama mlangoni pa zizi, yakaniisha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chai umemwachia nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza aliyoyasema daktari wa mjini, na ngozi ilivyozama, na kikombe kilivyoanguka. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilijua akikataa hakuna mtu Hanang nzima atakayekata ukanda ule, na Fundi atakaa pale kwenye benchi langu mkono ukifa kwa adabu.

"Vidole vina rangi gani?" akauliza.

"Majivu, bibi."

Akachukua fimbo yake, akapanda bodaboda nyuma yangu. Hakuaga mtu.

Redio ilizimwa kabla hatujashuka. Fundi alisimama. Dada yake akaukamata ule mkono, akaupuliza, akaugeuza, akabonyeza kucha moja na kungoja damu irudi. Haikuwa na haraka ya kurudi. Basi akaokota mkasi wa Fundi wa kukatia bati.

"Niliweka mimi, natoa mimi," akasema. Akaingiza ncha taratibu, akakata. Fundi alifumba macho. Pale ukanda ulipokuwa palibaki mfereji mweusi, na kile kitone cha mrija kilikuwa katikati yake.

"Ulikuwa unaogopa nini usiniambie?" dada akamuuliza.

"Wewe," Fundi akajibu.

Bibi akaweka mkasi chini. Akaikunja ile ngozi, akaificha kwenye pindo la shuka lake. Mkono ulirudiwa na rangi kidogo, si yote. Kidole gumba kilibaki baridi, na Fundi alipojaribu kushika nyundo, ikamtoka. Asubuhi iliyofuata tulikuwa watatu kwenye basi la Haydom. Fundi aliulaza mkono mapajani kama mzigo alioagizwa na mtu. Kila basi liliporuka shimo, dada yake aliushikilia.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, hana haraka. Alimpaka Fundi majimaji mkononi, akapitisha kidude chenye waya. Upande wa kidole cha mwisho mashine ilitoa sauti, fyuu, fyuu. Akahamia upande wa kidole gumba. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Damu imeganda humu ndani," akasema. "Mshipa uliopita mrija umeziba. Hutokea baada ya matibabu kama haya, hata bila kufungwa kitu. Na ukiubana kwa siku nyingi ndiyo unausaidia kuziba. Watu wengi hawapati shida, kwa sababu mkono una mishipa mikubwa miwili, mmoja unatosha. Lakini wako wa pili, mzee, ni mwembamba. Utakulishia mkono. Nyundo hautaibeba."

"Basi nitakufa njaa," Fundi akasema, bila kupandisha sauti.

"Ukanda ulikatwa na nani?"

"Mimi," bibi akajibu, akanyoosha shingo tayari kwa lawama. "Na nilifunga mimi."

"Umewahi, bibi," daktari akasema. "Umetuachia nafasi ya kujaribu." Bibi akainama. Nafikiri angeona nafuu kama angefokewa.

Daktari alizungumza kwanza kwa simu na waliomtibu moyo, kisha akamchoma Fundi sindano ya kuzuia damu isigande. Halafu akaleta mkanda wa plastiki unaojazwa hewa, akauweka upande wa kidole cha mwisho. "Sasa nitaubana mshipa huu ulio mzima," akasema.

Nikaruka. "Ala! Daktari! Si ndio huo huo uliobaki?"

"Ndio huo huo, mama. Damu ikikosa njia hii, itasukuma kule kulikoziba. Kama kumeziba karibuni, mara nyingi kunafunguka. Si kila mara." Akambana Fundi kidoleni kidude chenye taa nyekundu kilichounganishwa na mashine. "Nakaa hapa hapa. Kidole kikizidiwa, naachia, na hapo tutakuwa tumeshindwa. Mzee, unakubali?"

Fundi alimtazama dada yake. Bibi akatikisa kichwa, si kwa kuyakataa matibabu. "Safari hii sema mwenyewe," akamwambia.

"Bana," Fundi akasema.

Akajaza hewa. Ile sauti ya upande mzima ikapungua, ikakatika. Mkono ukaanza kupauka tena mbele yetu, na namba kwenye mashine zikaanza kushuka. Mimi nilipewa kazi ya kumshikilia kiwiko asicheze. Tungekaa hivyo saa nzima, daktari alisema. Mungu wangu, saa nzima gani hiyo! Niliomba sala zote nilizofundishwa utotoni kanisani, nikazimaliza, nikaanza upya. Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji la uso. Katikati ya mateso hayo akamwinamia daktari.

"Daktari. Kidole kinapita hapo?"

Daktari hakuelewa. Nikamweleza huku nacheka na machozi yananitoka, na yeye akatabasamu bila kuondoa macho kwenye mashine. "Leo hakipiti, mzee. Leo ni makusudi."

Namba zikashuka tena. Mashine ikalia, tii, tii. Mkono wa daktari ukaenda kwenye mpira wa kuachia hewa, ukaushika. Bibi alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kichwa cha mdogo wake na midomo inacheza. Daktari hakuachia. Akangoja. Namba zikasimama. Kisha zikapanda moja, zikatulia, zikapanda tena, na nikaona, naapa, kucha ya kidole gumba ikipata rangi kutoka chini kwenda juu.

Muda ulipotimia daktari alirudisha kile kidude upande uliokuwa kimya. Mwanzoni hatukusikia kitu. Halafu, kwa mbali, fyuu. Fyuu.

"Ni nini hiyo?" bibi akauliza.

"Ni damu yake, bibi. Imepita."

Bibi aligeukia ukutani. Mabega yake yakawa yanatikisika, na sisi tukajifanya tunaangalia mashine.

Daktari hakutudanganya. Alisema sauti ni ndogo, mshipa umeumia, unaweza kuziba tena wiki yoyote. Ameze dawa kila siku, asishike nyundo mpaka apewe ruhusa. Alinifundisha na mimi pa kuweka vidole ili kutafuta mapigo. Dada yake akamchukua kwenda naye Mogitu, tanuri likalala. Nilimwagia maji mkaa wake nisije nikautumia, maana ningeona kama nimemzika. Watu waliulizia bangili, nikawafokea bila kosa lao. Sokoni watu walisema mkono umekauka, wengine wakasema umekatwa. Niliogopa kwenda kuhakikisha.

Miezi ikapita. Siku moja ya mnada nilikuwa nakanda unga wa chapati niliposikia nyundo. Pigo moja, kimya kirefu, pigo lingine. Nikatoka na unga mikononi.

Alikuwa amekaa pale pale, redio inakoroma. Mpini wa nyundo ulikuwa umezungushiwa kitu cheusi, kimekauka na kushika vizuri. Niliutambua ule ukanda.

"Dada ameufunga," Fundi akasema kabla sijauliza. "Amesema umalizie kukauka hapa."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanikamata mkono na unga wangu, akabana. Si kama zamani. Lakini alibana. Kisha akachukua bangili iliyokuwa juu ya chuma cha fuawe, nyembamba, bado ina uvuguvugu, akanivisha. Mimi sijawahi kuvaa bangili, unga unaingia chini yake, na yeye alijua hivyo. Akaingiza kidole chake cha mwisho kati ya shaba na ngozi yangu. Kikapita.

Hapo nikaugeuza mkono wake. Nikaweka vidole vyangu chini ya kidole gumba, alivyonifundisha daktari. Fundi akageuza uso, akatazama upande wa ng'ombe, akazima redio. Sikusikia kitu. Nikasogeza vidole kidogo, nikabonyeza, nikasogeza tena. Watu walipita wakitutazama. Yeye hakuurudisha mkono, na ndipo nilipojua kwamba miezi yote hiyo hajawahi kujigusa hapo mwenyewe.

Kisha nikayapata. Madogo, lakini yapo, yanagonga vidole vyangu vyenye unga.

"Yapo?" akauliza, bado anatazama ng'ombe.

"Yapo, Fundi."

Akavuta pumzi, akauchukua mkono wake, akashika nyundo. "Basi lete chai," akasema. "Na leo weka sukari."